Kilo Moja ya Gunia

Vijana wanaoanza kazi ya kuandika programu huniuliza swali lile lile: "Kaka, wewe unatumia nini?" Wanategemea nitaje kompyuta ya bei mbaya, au kitu kilichotoka wiki iliyopita. Nikiwajibu naona nyuso zinavyopooza. Natumia Vim, iliyotoka mwaka 1991. Natumia grep, iliyoandikwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Natumia git, ya mwaka 2005. Na natumia kaunta buku moja nene, la kununua steshenari ya mtaani, ambalo halijawahi kuishiwa chaji.

"Si vya wazee hivyo?" mmoja aliniuliza.

Ni vya wazee kweli, ila sivipendei uzee wake. Seva ninazozihudumia ziko mbali, mara nyingi naziingia kwa bando la simu, na umeme nao una tabia zake. Zana lazima iendane na hali ya mtu. Ngoja nieleze moja moja, kisha nitafika kwenye jambo lililonifanya hasa nikae niandike.

Tuanze na Vim. Ni programu ya kuandikia maandishi, na haina vitufe vya kubofya wala menyu za kukubembeleza. Ukiifungua mara ya kwanza hata kutoka hujui. Dunia nzima inatania kwamba kuna watu waliingia Vim miaka hiyo na hawajatoka mpaka leo. (Kwa wenye haraka: bonyeza Esc, andika :wq, kisha Enter. Kama hutaki kuhifadhi ulichoandika, andika :q! badala yake.) Ndani yake unasogea kwa herufi h, j, k na l. Hayo Vim imeyarithi kwa mzazi wake, vi, iliyoandikwa na Bill Joy mwaka 1976 akitumia mashine iliyoitwa ADM-3A. Mashine hiyo ilikuwa na mishale iliyochorwa juu ya herufi hizo hizo nne. Kwa hiyo kijana wa Sinza leo hii anasogeza vidole kwa kufuata kibodi ambayo hajawahi kuiona na pengine hataiona.

Lakini mimi ninaipendea jambo dogo tu. Unapoandika, Vim inaweka nakala pembeni, kwenye faili lililofichwa, kila unapofikisha herufi 200 au unapotulia kwa sekunde 4. Umeme ukikatika, au bando likiisha ukiwa katikati ya kazi, unafungua tena faili lako, Vim inakwambia kuna nakala iliyobaki, unabonyeza R, unarudishiwa. Aliyeipanga hivyo alijua kwamba kazi ya mtu inaweza kukatwa wakati wowote bila kuaga.

Grep ni rahisi kuieleza: unaipa neno, inapita kwenye mafaili yote na kukuletea kila mstari wenye neno hilo. Ni kama yule karani mkongwe wa masijala ambaye ukimtajia jina tu, anakwambia jalada liko kabati gani.

Git ndiyo kumbukumbu. Linus Torvalds aliianzisha Aprili 2005, baada ya watu wanaojenga Linux kupoteza ruhusa ya kutumia bure zana waliyokuwa nayo kabla ya hapo. Watu wale wametapakaa duniani, wengi hawajawahi kuonana uso kwa uso, na wote wanagusa maandishi yale yale. Git inatunza kila badiliko: nani kalifanya, lini, na, kama mwenyewe alijali kuandika, kwa nini. Hilo neno la mwisho nitalirudia.

Sasa nirudi kwenye Vim kidogo. Ukiifungua bila kutaja faili, katikati ya skrini yanatokea maneno machache: jina la programu, toleo lake, jina la Bram Moolenaar na wenzake, kisha mstari unaokuomba uwasaidie watoto maskini wa Uganda.

Mara ya kwanza kuusoma mstari ule nilichukia. Mimi ni mtu wa Missenyi, mkoa wa Kagera, mpakani kabisa na Uganda. Nilikuwa mwanafunzi, maabara imejaa, tunagombea kompyuta wanne wanne, na ile furaha ya kuona kwamba na mimi naingia kwenye dunia ya wataalamu ndiyo kwanza inaanza. Halafu nakutana na hilo. Nikajisemea, hata humu? Yaani hata ndani ya programu tupu, isiyo na picha hata moja, tumewekwa kama mtoto mwenye nzi usoni?

Ilipita miaka ndipo nikaandika amri ambayo mstari ule ulikuwa unaielekeza, :help iccf, nikasoma ukurasa wenyewe. Moolenaar, ambaye ni Mholanzi, alikwenda mwaka 1994 kujitolea kwenye kituo cha watoto cha Kibaale, kusini mwa Uganda, katika wilaya ya Rakai. Wengi wa watoto wa huko walikuwa wamefiwa na wazazi kwa UKIMWI. Aliporudi kwao hakuwaacha. Vim akaitoa bure: itumie, inakili, mpe mwenzio, ila kama imekufaa, tuma chochote kwa watoto wa Kibaale. Kwa miaka mingi michango ilipitia shirika la ICCF Holland, na kule Kanada kuna shirika jingine lililojipa jina la Kiswahili, Kuwasha. Moolenaar alifariki Agosti 2023. Toleo la 9.1, lililotoka Januari 2024, wenzake walilitoa kwa kumuenzi, na mstari wa Uganda wakauacha pale pale ulipokuwa.

Rakai. Ukivuka mpaka pale Mutukula, huna safari ndefu kufika huko. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutangazwa Tanzania walitoka mkoani kwetu, Kagera, mwaka 1983. Kabla watu hawajapata jina la ugonjwa wenyewe waliuita Juliana, kwa jina la nguo zilizokuwa zikivushwa kutoka Uganda. Ugonjwa haukuulizwa pasipoti. Nyumbani kwetu tulikuwa watoto tisa kwenye sinia moja, na kati yetu waliozaliwa na mama yangu walikuwa wawili. Wengine walikuja mmoja mmoja, kila mmoja na kifurushi chake cha nguo, na hakuna aliyetueleza kwa nini, wala hatukuuliza.

Kwa hiyo mstari ule ulikuwa unawataja ndugu zangu, wa upande wa pili wa mpaka. Neno "maskini" bado silipendi, na sitajilazimisha kulipenda. Ila nilielewa alichokifanya yule bwana. Mtu wa Tokyo au São Paulo, mwenye shida zake za kazi, anakutana na jina la Uganda kabla hajaandika herufi moja. Zana haina bei, lakini inakudai kitu kimoja: umkumbuke mtu asiyekuwepo chumbani.

Na hapo ndipo ninapotaka kufika. Ukiondoa mbwembwe zote, kuandika programu ni kuamua mambo ya mtu asiyekuwepo chumbani. Sisi wenyewe tunayaita maandishi haya "kodi", neno lile lile analotumia mwenye nyumba mwisho wa mwezi, na utani huo una ukweli wake. Kuna mtu mahali fulani atayalipia.

Nitoe mfano mmoja.

Kuna chama kimoja cha msingi cha wakulima wa kahawa, huko huko mkoani. Nilikabidhiwa programu yao baada ya kijana aliyeiandika kupata kazi nchi nyingine. Programu yenyewe ni ndogo: karani anapima kahawa, anaingiza uzito, mashine inatoa risiti, na mwisho wa msimu inapiga hesabu ya malipo ya kila mkulima. Msimu wangu wa kwanza nao haujafika hata nusu, karani akanipigia simu, akasema kuna mama hapa amekataa kuondoka ofisini. Akampa simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye mwenye kompyuta?"

"Naitunza tu, mama."

"Basi niambie. Kilo zangu tatu zimeliwa na nani?"

Alikuwa ameleta viroba vitatu vya kahawa ya maganda. Kabla ya kuja alivipima nyumbani kwa mzani wa kuning'iniza wa jirani. Risiti ya chama ilikuwa pungufu kwa kilo tatu. Karani alikuwa ameshamweleza kwamba mizani ya nyumbani hudanganya.

"Nimekubali inadanganya," akaniambia. "Lakini inadanganya kilo moja moja, kwa kila kiroba, kidogo na kikubwa?"

Yule mama hakusomea kompyuta, ila alikuwa ameshaona kile ambacho mtu wa kazi yangu hukitafuta kwanza. Mzani mbovu mara nyingi hukosea ovyo, au hukosea zaidi mzigo unapokuwa mzito. Kosa linalorudi vile vile kila mara, kwa kipimo kile kile, huenda si la mzani. Pengine kuna mahali pameandikwa likosewe hivyo.

Nikafungua kaunta buku, nikaandika maneno yake kama alivyoyasema. Hilo ni la kwanza ninalowaambia vijana: andika maneno ya mwenye shida kama yalivyo, usiyatafsiri kwenda lugha yetu ya kazi. Ningeandika "tatizo la uzito" ningekuwa nimeshapoteza nusu ya alichonipa.

Alisema alipima saa tatu asubuhi. Kwenye kumbukumbu za seva nikatafuta 06:00, kwa sababu seva huandika saa ya kimataifa, iliyo nyuma yetu kwa saa 3. Saa tatu ya mama, 09:00 ya simu yangu, 06:00 ya seva: jua ni lile lile. Nikazipata safari zake tatu mizanini, saa 06:07 na dakika zilizofuata. Karani aliingiza uzito sahihi. Kilichohifadhiwa kilikuwa pungufu kwa kilo moja, mara tatu.

Nikaipa grep neno "uzito". Mistari ikaja kama arobaini hivi, na kati yake mmoja mfupi:

uzito_malipo = uzito - 1

Basi. Hakuna maelezo pembeni, hakuna chochote. Msomaji, hapa ndipo mtu mwenye haraka huharibu. Angesema hii ni hitilafu, angefuta, angempigia mama kumpa habari njema, angelala. Au kama ni mwoga angesema aliyeandika alijua anachofanya, asingegusa. Mistari ya namna hii ipo kwenye kila programu iliyoishi miaka kadhaa, na inatisha kwa sababu hujui imebeba nini mgongoni.

Git ina amri inayoitwa git blame. Jina lake ni la lawama, na nadhani limewaogopesha watu wengi bure. Kazi yake ni kukuonyesha kila mstari uliwekwa na nani, lini, na katika badiliko gani. Nikaiita. Mstari ulikuwa wa misimu mitatu nyuma, uliandikwa saa nane usiku, na yule kijana aliacha ujumbe huu:

"Gunia la katani likiwa tupu lina kilo 1 hivi. Mkutano wa wanachama umekubali ikatwe ili chama kisinunue gunia kwa bei ya kahawa. Siku wakiacha katani, mstari huu uondolewe."

Nikampigia karani. "Siku hizi mzigo mnaupokea kwenye nini?"

"Viroba," akasema. "Katani hatujaiona tangu msimu wa juzi. Bei ilipanda."

Nikamwomba apime viroba kumi vitupu kwa pamoja. Akaniwekea simu sikioni, akaenda, akarudi. Vyote kumi vilikuwa kama kilo moja. Yaani kilichokuwa haki kwa gunia la katani kilikuwa kimegeuka, kimya kimya, kuwa kilo moja ya kahawa inayotoka kwa mkulima kila anapoweka kiroba mizanini. Hakuna aliyeiba. Mashine ilikuwa inatii makubaliano ya watu ambao wenyewe walishahamia kwenye viroba, na hakuna aliyeiambia.

Kubadili mstari ilikuwa kazi ya dakika. Kazi yenyewe ilikuwa zile kilo zilizokwisha kwenda. Programu haikuwa na mahali pa kuandika aina ya gunia, kwa hiyo ilibidi karani atafute kwenye daftari la stoo tarehe ambayo gunia la mwisho la katani lilitolewa. Tangu tarehe hiyo, nikaitaka kanzidata inipe jina la kila mwanachama, idadi ya viroba vyake, na kilo anazodai. Nikachapa.

Kwenye kikao cha bodi, niliyekihudhuria kwa simu iliyowekwa mezani, mjumbe mmoja alisema, "Jamani, ni kilo moja tu." Mwingine akasema fedha za msimu ule zilishafungwa. Mimi sikuwa na kura pale, na nadhani ni sawa nisiwe nayo. Nilichoomba ni kimoja: ile orodha ibandikwe ukutani, pale zinapobandikwa bei. Ikabandikwa. Watu wakaja kusoma majina yao, wasiojua kusoma wakasomewa. Baada ya wiki mbili bodi ikaamua kwamba kilo zote zitaingizwa kwenye malipo ya pili, na viroba visikatwe kitu. Yule mama alikuwa na kilo kumi na saba. Alinitumia salamu kupitia basi la Dar es Salaam, pamoja na kifurushi cha kahawa ya kutafuna, ile anayopewa mgeni kwetu kabla hajaulizwa shida yake.

Nimemfikiria sana yule kijana wa saa nane usiku. Mimi na yeye hatufahamiani. Alipokuwa anaandika ujumbe ule alikuwa amechoka, bila shaka, na angeweza kuandika "marekebisho" kama wengi wanavyofanya, akalala. Badala yake akajiuliza siku moja nani atausoma mstari huu, na atakuwa hajui nini. Akaandika mambo matatu: kwa nini, nani kakubali, na lini mwisho wake. Bila sentensi zile tatu ningekuwa na neno la mama dhidi ya neno la mashine, na tunajua neno la nani huwa linashinda.

Siku hizi akili mnemba inaandika kodi haraka kuliko mimi, na sina ugomvi nayo, naitumia. Nimewahi kuipa ule mstari wa kutoa moja peke yake, nikaiuliza una maana gani. Ilinipa maelezo marefu na ya kuvutia. Katani haikuitaja. Ingeijuaje? Katani haikuwa kwenye kodi. Ilikuwa stoo ya chama, kwenye bei iliyopanda, na kwenye kichwa cha karani.

Ndiyo maana kijana akiniuliza natumia nini, baada ya kumtajia Vim na grep na git, humwongezea ushauri ambao hauna wa kupakua. Vipe vitu majina yanayosema ukweli: "uzito_bila_gunia" ni bora mara mia kuliko "w2", hata kama vidole vinachoka, na hakuna sheria inayokataza jina hilo kuwa la Kiswahili kama watakaolisoma ni Waswahili. Maelezo ya pembeni yasirudie kile ambacho mstari unafanya, maana hicho kila mtu anakiona. Yaseme kwa nini. Na kila sheria unayoiweka ndani ya mashine, andika itakufa lini, kwa sababu mashine haina habari kwamba dunia imehama.

Ule mstari niliufuta. Nikaongeza mahali pa karani kuchagua aina ya chombo, na katani nikaiacha kwenye orodha, bei zikishuka huenda ikarudi. Kisha nikaandika ujumbe wa badiliko, mrefu kuliko badiliko lenyewe. Nilieleza kuhusu viroba kumi vilivyopimwa pamoja, tarehe ya daftari la stoo, na uamuzi wa bodi. Mstari wa mwisho nilimwandikia mtu ambaye simjui bado: "Ukiona kahawa imeanza kuletwa kwenye kitu kingine, usiguse kwanza. Mpigie karani. Na kama kuna mama amekataa kuondoka ofisini, omba uongee naye."